Kusawazisha sauti za nyimbo: MP3Gain, tagi za ReplayGain au kisawazishi cha papo hapo?

Harusi ilikuwa Mikindani, uwani kwa shangazi yangu, na muziki nilikabidhiwa mimi. Sabufa mbili, flashi moja yenye nyimbo za kila aina. Wazee walitaka dansi, nikawawekea Msondo, wimbo ulionakiliwa kutoka kaseti. Sauti yake ilikuwa chini, ikabidi nizungushe kitufe karibu na mwisho ili waliokaa nyuma chini ya mwembe nao wayasikie magitaa. Wimbo ulipoisha nilikuwa nimeshika sahani ya pilau. Singeli iliyofuata iliingia kwa kishindo, mtoto aliyelala mgongoni kwa mama yake akaamka analia, na twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, ya sabufa ya kushoto ikanyamaza moja kwa moja. Shangazi alinijia taratibu akasema, “Mwanangu, huo muziki mbona unatupiga vibao?”

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifuatilia jambo hili kwa makini, na ndugu, majirani na madereva wa hapa Mtwara huniletea flashi zao niwasawazishie. Swali lao ni moja: njia ipi nzuri? Nami huwauliza kwanza: nyimbo zako unazipigia kwenye nini? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu, na ndiyo maana ulinganisho huu nimeupanga kwa kuanzia kwenye chombo, kisha programu.

Tofauti inatoka wapi

Nyimbo za bendi zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam zilipita kwenye kanda, nyingi zikanakiliwa kaseti kwa kaseti kabla hazijafika kwenye kompyuta ya mtu. Kila hatua ilipunguza kidogo na kuongeza mvumo wa kanda. Bongo Fleva na singeli za sasa zimetengenezwa tofauti: studio huikandamiza sauti hadi sehemu ndogo na sehemu kubwa zikaribiane, kisha husukuma yote juu hadi ukomo wa faili. Ukizipima kwa MP3Gain, programu ya kompyuta inayopima na kusawazisha sauti za faili za MP3, nyimbo mpya mara nyingi husomeka desibeli 96 mpaka 99. Za kaseti utazikuta chini ya 85.

Chukua wimbo wa kaseti unaosoma 82 na singeli inayosoma 97.8. Tofauti ni desibeli 15.8. Kwa sikio, kila desibeli 10 husikika kama sauti imekuwa maradufu, kwa hiyo hapo singeli inasikika karibu mara tatu ya dansi. Kwa spika hali ni nzito zaidi. Kitufe kikibaki palepale, amplifaya inatakiwa kutoa nguvu karibu mara 38 ya ile ya mwanzo. Sabufa ya nyumbani haina nguvu hiyo, basi inakata vilele vya mawimbi ya sauti, na mawimbi yaliyokatwa hivyo hubeba mitetemo mingi ya juu inayokwenda moja kwa moja kuichoma twita. Ndiyo iliyotokea Mikindani.

Kosa la kwanza ambalo watu hulifanya wakitaka kurekebisha ni kusawazisha vilele. Programu nyingi zina kazi ya kuinua wimbo mpaka kilele chake cha juu kifike mwisho. Haisaidii. Wimbo wa kaseti wenye pigo moja kali la tumba unaweza kuwa na kilele sawasawa na singeli, huku sehemu nyingine yote iko chini. Sikio halisikilizi kilele kimoja, linasikiliza wastani wa muda, na linazisikia sauti za kati kwa ukali zaidi kuliko besi. Vipimo vizuri vinafuata sikio. ReplayGain, mfumo wa kupima ukubwa wa sauti za nyimbo uliopendekezwa na David Robinson mwaka 2001, ilijengwa juu ya wazo hilo, na lengo lake la desibeli 89 ndilo linalotumiwa pia na MP3Gain. Baadaye utangazaji ukapata kipimo chake kiitwacho LUFS, na Ulaya ikaweka kanuni ya redio na televisheni, R 128, mwaka 2010, kwa lengo la LUFS -23. ReplayGain ya pili inatumia kipimo hicho hicho, ila imelenga -18 ili isitofautiane sana na ile 89 ya zamani.

Tagi dhidi ya MP3Gain

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe.

Tagi za ReplayGain haziigusi sauti. Programu inaupima wimbo, kisha inaandika pembeni mwa faili, pale pale panapokaa jina la msanii na albamu, kwamba wimbo huu ushushwe desibeli 8.8, au upandishwe 7. Chombo kinachocheza kinasoma maandishi hayo na kujirekebisha. Faili lenyewe linabaki lilivyokuwa. Usahihi wake ni wa hali ya juu, inafanya kazi kwenye faili za aina ya MP3, M4A na FLAC, na ukijuta unafuta tagi, basi. Ndani yake inaandikwa pia kilele cha wimbo, ili chombo kijue kama kuupandisha kutapasua sauti na kijizuie. Kwenye kompyuta natumia foobar2000, programu ya bure ya kucheza muziki: unachagua nyimbo zote, unabofya kulia, unaingia ReplayGain, unaamuru ipime kila faili. VLC ya kompyuta inazisoma tagi hizo ukiiwasha sehemu hiyo kwenye mipangilio ya sauti. Kwenye simu, Poweramp na foobar2000 zinazisoma.

MP3Gain inafuata njia nyingine. Ndani ya kila kipande kidogo cha faili la MP3 kuna namba inayosema kipande hicho kipigwe kwa ukubwa gani. MP3Gain inabadilisha namba hiyo tu. Haifungui wimbo na kuutengeneza MP3 upya, kwa hiyo ubora haupotei, na kumbukumbu ya mabadiliko inahifadhiwa ndani ya faili ili uweze kurudisha kama mwanzo. Udhaifu wake ni kwamba namba hiyo hupanda na kushuka kwa hatua za desibeli 1.5. Singeli yetu ya 97.8 itashushwa hatua sita, desibeli 9, ifike 88.8. Dansi ya 82 itapandishwa hatua tano, yaani 7.5, ifike 89.5. Hazikulingana kabisa, tofauti ni 0.7, lakini uwanjani hakuna atakayeisikia. Kutoka 15.8 hadi 0.7 ni ushindi mkubwa.

Kwa karatasi, tagi zinashinda kila upande. Sasa chukua flashi yako yenye tagi safi, ichomeke kwenye sabufa ya dukani au redio ya gari. Mara nyingi hutasikia tofauti yoyote, kwa sababu chombo hicho hakijui kuzisoma. Kinasoma jina la wimbo na kuonyesha kwenye kioo chake kidogo, kingine hakijali. Kazi yote uliyofanya imebaki kwenye faili kama barua isiyofunguliwa.

Usikisie. Jaribu hivi: chukua singeli moja yenye kelele, inakili mara mbili, ziite 01 na 02. Ya kwanza iache ilivyo, hakikisha haina tagi ya ReplayGain. Ya pili ipime na kuitia tagi. Weka zote kwenye flashi tupu, chomeka kwenye sabufa, usiguse kitufe, sikiliza nusu dakika ya kila moja. Kama ya pili imeshuka waziwazi, chombo chako kinasoma tagi, umebahatika. Kama ziko sawa, hakisomi, na kwa chombo hicho chaguo lako ni MP3Gain. Jaribio hili huchukua dakika tano na limewaokoa watu wengi waliokuwa tayari kupima nyimbo elfu mbili bure.

Mimi kwa flashi za sabufa na magari natumia MP3Gain bila kusita. Kwa mkusanyiko wangu wa nyumbani, ulioko kwenye kompyuta na diski ya nje, natumia tagi, kwa sababu sitaki kugusa nakala asili hata kwa namba moja. Haya mawili hayagombani. Nakala asili inabaki na tagi zake nyumbani, ya flashi inapitishwa MP3Gain.

Desibeli ngapi?

MP3Gain inakuja ikiwa imewekwa 89. Watu wengi wakipigiwa flashi ya 89 mara ya kwanza hulalamika: “Umeipunguza nguvu.” Ni kweli nyimbo mpya zimeshuka, lakini kitufe cha sabufa bado kina nafasi ya kuzunguka, na safari hii kinazunguka mara moja tu kwa usiku mzima. Ndani ya nyumba 89 inatosha kabisa. Uwanjani, au kwenye basi la Mtwara kwenda Newala lenye madirisha wazi, naweka 92. Zaidi ya hapo sikushauri. Jedwali la MP3Gain lina safu inayoonyesha kama sauti itapasuka wimbo ukifikishwa kwenye lengo lako, na ukipanda 95 utaona nyimbo za zamani zenye vilele virefu zinaanza kuwekewa alama moja baada ya nyingine. Hizo ndizo zitakazokwaruza. Kama wimbo mmoja mzuri wa zamani umepata alama hata kwenye 92, uache chini kidogo ya wenzake. Ni afadhali wazee wasogee karibu na spika kuliko kusikia sauti ya mwimbaji ikichanika.

Jambo jingine kuhusu kaseti: ukipandisha wimbo desibeli 7.5, mvumo wa kanda nao unapanda 7.5. Hakuna kusawazisha kunakotenganisha hayo.

Kisawazishi cha papo hapo

VLC ina kisawazishi ambacho hakihitaji kupima chochote. Simu nyingi na televisheni nazo zina kitu cha namna hiyo kwenye mipangilio ya sauti. Kazi yake ni kusikiliza muziki unavyokwenda: ikiona sauti imeshuka inaipandisha, ikipanda inaishusha. Faida yake ni kubwa kwa mtu mwenye haraka. Inafanya kazi kwa faili lolote, kwa redio ya mtandaoni, hata kwa kile kipande cha wimbo ulichotumiwa WhatsApp asubuhi.

Lakini muziki wetu unaumia sana mikononi mwake. Sikiliza dansi ya kweli. Mwanzo ni wa taratibu, mwimbaji anaeleza kisa chake, magitaa yanatembea chini yake kwa unyenyekevu. Baada ya dakika tatu au nne linakuja chemko: tumba zinakaza, tarumbeta zinaingia pamoja, na kule uwani watu waliokuwa wanakaa wanainuka. Kupanda huko ni sehemu ya utunzi. Kisawazishi cha papo hapo hakijui utunzi. Katika ule mwanzo wa taratibu kinaona sauti ndogo, kinaipandisha, mvumo wa kanda unajaa chumba. Chemko likiingia, kinashtuka na kukandamiza, tarumbeta zinatoka zimebanwa kama zinapigwa nyuma ya mlango. Nimejaribu wimbo huo huo kwa njia zote mbili mbele ya mjomba wangu, aliyecheza dansi ujana wake wote hapa Mtwara. Kwa MP3Gain aliinuka pale pale panapostahili. Kwa kisawazishi alibaki ameketi, akauliza, “Mbona hawajachemsha?” Walikuwa wamechemsha. Mashine ndiyo iliyozima moto.

Taarab yenye utangulizi mrefu wa fidla na ile ala ya nyuzi iitwayo kanuni inaharibika vivyo hivyo, na kaswida za dufu zaidi: kati ya pigo na pigo mashine inavuta sauti juu, unasikia pumzi za waimbaji zikivimba na kupungua. Mtu akikusikilizisha hivyo utadhani rekodi ni mbovu.

MP3Gain na tagi hazifanyi hivyo. Zinasogeza wimbo mzima kwa kiasi kimoja, kutoka sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Palipo chini panabaki chini, palipo juu panabaki juu, umbali kati yao ni ule ule alioutaka mtunzi. Kwa mtu anayependa muziki wenye kupanda na kushuka, hiyo peke yake inatosha kuamua.

Kisawazishi nakiruhusu mahali pawili: usiku, watoto wamelala na wewe unaangalia filamu, na kwenye sherehe iwapo mtu amekuletea flashi dakika ya mwisho na hujui ndani kuna nini. Hapo kinalinda spika. Ila kizime mara tu nyimbo zako ulizozipima zikirudi.

Audacity na kuhifadhi upya

Wapo wanaofungua kila wimbo kwenye Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, wanausawazisha, wanauhifadhi tena kuwa MP3. Kwa nyimbo ambazo tayari ni MP3, usifanye. Kila ukihifadhi upya, wimbo unakandamizwa mara ya pili na unapoteza kitu, na wimbo wa kaseti hauna cha ziada cha kupoteza. Audacity iko mahali pake pale unapohamisha kaseti mwenyewe: rekodi kwa WAV, aina ya faili isiyopunguza ubora, safisha, tumia kazi yake ya kusawazisha kwa LUFS na siyo ile ya vilele, ndipo uhifadhi mara moja tu. Zipo kaseti nyingi makabatini Lindi na Kilwa ambazo hazijawahi kuhamishwa, na kanda hazisubiri. Ukizihamisha, hifadhi na ile WAV au FLAC. MP3 ya kupigia utaitengeneza wakati wowote.

Wimbo mmoja mmoja au albamu nzima?

MP3Gain na ReplayGain zote hukuuliza. Kwa kila wimbo peke yake, nyimbo zote zinafika lengo lile lile. Kwa albamu, programu inapima zote kwa pamoja na kuzisogeza kwa kiasi kimoja, ili wimbo mpole ndani ya albamu uendelee kuwa mpole kuliko jirani yake. Flashi ya sherehe yenye mchanganyiko: kila wimbo peke yake. Mkusanyiko wa kaswida za mtu mmoja, au onyesho la jukwaani ambalo wimbo unaungana na mwingine bila kukatika: albamu. Uzuri wa tagi ni kwamba zinaandika vipimo vyote viwili na unachagua wakati wa kucheza. Kwa MP3Gain lazima uamue mapema.

Anayesikiliza kwa Spotify hana haja ya haya yote, yenyewe husawazisha kwa LUFS -14 isipokuwa umezima. Mwenye iPhone anayo Sound Check ya Apple. Ila bando linaisha, na nyimbo nyingi za bendi za zamani huko hazipo.

Kabla hujaanza

Usiiendeshe MP3Gain moja kwa moja kwenye flashi. Nakili nyimbo kwenye kompyuta, sawazisha huko, kisha zirudishe. Umeme ukikatika katikati ya kazi kwenye laptopu yenye betri iliyochoka, faili linaloandikwa wakati huo linaweza kuharibika, na flashi iliyochomolewa vibaya huondoka na folda nzima.

MP3Gain inashughulika na MP3 tu. Nyimbo za M4A, ambazo watu wengi wanazo kutoka kwenye simu, zinahitaji AACGain, au foobar2000 ambayo inaweza kuandika mabadiliko ndani ya faili la MP3 na la M4A pia. Ukiona MP3Gain inalikataa faili lenye jina la .mp3, mara nyingi ni M4A iliyobadilishwa jina tu na waliokujazia flashi. Na kama sabufa yako ni ya zamani, jaribu faili moja la M4A kabla hujapeleka mia mbili, kwa kuwa baadhi hazilichezi kabisa.

Shangazi alinipa flashi yake tena msimu wa korosho ulipoisha, kwa ajili ya sherehe ya kumtoa mjukuu unyagoni. Niliipima yote, nyimbo 640, nikaiweka 92, kila wimbo peke yake. Nyimbo nne za kaseti zilipata alama ya kupasuka, nikazishusha hatua moja moja hadi alama ikatoka. Jioni ile tulijaribu wimbo mmoja wa dansi na mmoja wa singeli, yeye akasimama chini ya mwembe na kunipungia mkono sauti ilipomfikia vizuri. Nikachukua kalamu, nikachora mstari mdogo kwenye sabufa pale kitufe kilipoelekea. Mpaka alfajiri hakuna aliyekigusa.